Aliyekimbilia Migombani

Tusekile mwanangu,

Maneno ya safari mama yako ameshakupa yote. Usikae dirishani basi likipita Usangu, kwa ajili ya vumbi. Usipokee chakula cha mtu usiyemjua. Ukifika Iringa usilale mjini, panda moja kwa moja Kilolo kwa shangazi yako, ukae huko mpaka chuo cha ualimu kifunguliwe. Hapo sina la kuongeza. Ninakuandikia kwa sababu ya hadithi mbili: moja uliitunga wewe, ya pili utaisimuliwa na shangazi yako.

Nianze na yako, kwa kuwa ndiyo iliyotugombanisha. Uliponisomea ile habari ya mwalimu aliyeuawa shuleni nikasema si hadithi ya fumbo hata kidogo, ulikunja karatasi zako ukatoka nje, na tangu siku hiyo unanijibu kwa "ndiyo baba" na "hapana baba" kama mtu aliyepelekwa polisi. Sirudishi neno langu. Uliweka mvua, ukaweka bundi, ukaweka mlango unaolia wenyewe, halafu kwenye ukurasa wa mwisho akatokea mtu kutoka mbali ambaye hatujapata kumsikia, ukasema huyu ndiye muuaji. Mwanangu, giza si fumbo. Giza ni ukosefu wa taa. Na yule mgeni wako wa mwisho ni uvivu, tena ni uvivu wenye madhara, kama nitakavyokuonyesha, maana mimi mwenyewe niliwahi kumtafuta mgeni wa namna hiyo katika maisha ya kweli, na nikampata, na hakuwa na kosa lolote.

Watu huchanganya siri na fumbo. Siri ni kitu kilichofungiwa ndani. Ukipata ufunguo umemaliza. Fumbo ni kitu kilichoachwa wazi uani, watu wakipita karibu nacho kutwa nzima, na hakuna anayekiona kwa sababu wamekizoea. Mchungaji wetu aliwahi kuhubiri kwamba vitabu vya upelelezi vinafundisha wizi. Nilimwuliza palepale nje ya kanisa, waumini wakisikia, kama habari za Kaini nazo zinafundisha kuua. Hakunipa mkono tena mpaka Pasaka. Lakini hata yeye, na wengi wa wanaobishana nami magazetini, wanaamini kwamba msomaji wa vitabu hivyo hujifunza kuwashuku watu. Laiti ingekuwa hivyo. Wengi wanajifunza kumshuku mtu mmoja tu: yule asiye wa kwao.

Sasa hadithi ya shangazi yako. Atakupokea vizuri. Atakusalimu "kamwene" kwa sauti ile ya kubembeleza, atakupa kiti, atakupikia, na siku ya pili au ya tatu, akiwa anachambua mboga, atakuambia kwa upole kwamba mama yako aliachwa na mume wa kwanza kwa wizi wa ng'ombe. Hilo la mume wa kwanza hujalijua. Ninakuambia mimi kabla yake ili lisikuangukie kichwani ukiwa peke yako ugenini. Ni kweli mama yako aliolewa kabla yangu. Ni kweli ng'ombe alipotea. Ni kweli baraza lilimhukumu. Yote yaliyobaki yasikilize kama unavyosoma vitabu vyako: ukishuku.

Wakati ule nilikuwa kijana, karani wa baraza katika milima ya Rungwe. Mhehe peke yangu kati ya Wanyakyusa, nimesoma kuliko wote pale na nikihakikisha wanalijua hilo. Huko, kama ulivyowahi kusikia kwa wajomba zako, vijana wakikua hawakai na baba zao. Wanajenga kijiji chao pembeni, wanaoa huko, na wazee wanabaki kwao. Mama yako alikuwa ameolewa katika kijiji kama hicho cha vijana. Mumewe alikuwa amekwenda Chunya kuchimba dhahabu, na nyumbani alimwachia ng'ombe jike mwenye paji jeupe, ambaye huyo mume alipewa na baba yake mzazi mbele ya ndugu wote. Ng'ombe hulala humo humo ndani ya nyumba, kwa hiyo mwenye kubaki na nyumba ndiye mlinzi wake.

Siku moja alasiri ng'ombe akatoweka. Mama yako alikuwa amekwenda mtoni. Hakurudi nyumbani mpaka jua lilipozama, na aliporudi hakuwa na maji wala mtungi. Akaulizwa alikuwa wapi. Akanyamaza. Mumewe akaitwa kutoka Chunya, akauliza yeye, mama yako akanyamaza tena. Ukoo wa mume ukasema jambo liko wazi: amejificha ili kaka zake wapate nafasi ya kumchukua ng'ombe. Kesi ikaja barazani, na mimi nikiwa nimekaa pale na kalamu yangu, nikifurahi. Ndiyo, nikifurahi. Nilikuwa nimesoma vitabu vya upelelezi kutoka kwa mwalimu mmoja wa misheni mpaka majalada yameachia, na sasa Mungu alikuwa ameniletea kesi.

Sikiliza sana hapa, kwa maana fumbo lote limo. Shahidi alikuwa mmoja tu, mke wa mdogo wake yule mume. Alisema alikuwa akitwanga nje ya nyumba yake. Alimwona mama yako akija njiani na mtungi kichwani, mara akautupa, akakimbilia migombani. "Na mimi nikageukia ukuta," akasema, "nikakaa hivyo." Wazee wakamwuliza kama aliona ng'ombe. Akasema hakuona. Wakamwuliza kama aliona mtu. Akasema alikuwa ameangalia ukuta. Wakamwambia akae chini.

Umesikia? Sote tulisikia. Mtungi umetupwa, mke mmoja yuko migombani, mke wa pili amegeukia ukuta, na sisi tulioitwa wenye akili tukaendelea na swali linalofuata. Mimi nilikuwa hata simsikilizi. Nilikuwa nimeshampata mwizi wangu. Palikuwa na mnunuzi wa ngozi, mtu wa Kilwa, Mzee Shomari, ambaye alikuwa amepita kijiji kile wiki ile. Mgeni, mfanyabiashara wa ngozi, amevaa kanzu: nilihitaji nini tena? Nilisimama nikatoa hotuba. Nikadai mzigo wake upekuliwe, na ukapekuliwa njiani mbele ya watoto, ngozi moja moja, tukitafuta paji jeupe.

Shomari alisimama kando mpaka tulipomaliza. "Karani," akaniambia, "huyo ng'ombe mzima nilimfunga wapi, kwenye kilemba?" Watu wakacheka, nami nikazidi kukasirika. Hatukupata kitu, lakini neno lilikwisha kutoka kinywani. Hakuna aliyemwuzia ngozi tena upande ule. Akahamia Mbeya, na ndiye yule mzee wa Mwanjelwa ambaye humpitii dukani kwake bila kupewa kashata, na ambaye wewe hukujua kwa nini mimi humwamkia kwa kuinama.

Mwizi wa pwani alipokosekana, wakarudi kwa mama yako. Wazee wakamwuliza mara ya mwisho kwa nini alikimbia. Akatazama chini. Baraza likaamua kwamba mwenye kunyamaza amekiri. Ndoa ikavunjwa, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, naye akarudi kwa baba yake akiitwa mwizi. Nilisaidia kuandika hukumu ile kwa mwandiko mzuri.

Baadaye kidogo nilikuwa nikienda msibani pamoja na mmoja wa wazee wale wa baraza. Tulipokata kona, mwanamke aliyekuwa akija na kikapu cha maharage akakiangusha, akajitupa kwenye vichaka, kichwa kimefunikwa na nguo. Maharage yakamwagika njia nzima. Mzee hakugeuza shingo. Aliyakanyaga akiendelea kunieleza habari za shamba lake. Mimi nikainama kuyaokota.

"Acha, karani," akasema. "Atarudi kuyaokota tukishapita."

Nikauliza kama tumemtisha.

"Si wewe. Ni mimi. Ni mke wa mwanangu."

Nilikuwa nimeona wanawake wakiacha njia namna ile tangu nifike Rungwe, na kwa ujinga wangu wa msomi nikaona ni haya tu za wanawake wa huko. Kumbe mkamwana hapaswi kukutana na baba mkwe uso kwa uso. Hamtazami, hapiti mbele yake, jina lake halitamki, hata neno linalofanana na jina lake hulikwepa. Ndiyo maana vijana hujenga mbali. Na wenyeji, ambao walilijua hilo tangu wakiwa mgongoni, walikuwa wamelizoea kiasi kwamba mwanamke akikimbilia migombani kwao hakuna kilichotokea. Ni kama kusema kuku alivuka njia.

Nikasimama na maharage mkononi. Nikamwambia mzee, "Kwa hiyo yule wa mtungi, na yule aliyegeukia ukuta. Wake wa ndugu wawili. Baba mkwe wao ni mmoja."

Akasema, "Mvua zimechelewa mwaka huu, karani," akatangulia.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kwa maana hadithi ilikuwa imegeuka. Nilidhani fumbo ni nani aliyechukua ng'ombe. Sasa nikaona swali ni nani alijua. Baba mkwe alikuwa amempa mwanawe ng'ombe yule mbele ya ndugu. Asingeweza kumdai tena kwa haki. Na mwaka ule alikuwa akitafuta mke mdogo, na mahari huko ni ng'ombe. Alikuwa na kazi gani katika kijiji cha vijana, alasiri, mwanawe akiwa Chunya? Wazee waliokaa barazani walikuwa rika lake, wamekua naye kijiji kimoja. Walimsikia shahidi. Je, walipitwa kama mimi, au walipita makusudi? Nimejiuliza swali hilo mpaka nywele zimebadilika rangi, na bado sijui. Ukitaka kuandika hadithi ya fumbo, Tusekile, usiniulize nani muuaji. Niulize nani katika chumba kile anajua na ananyamaza, na kila mmoja ananyamaza kwa sababu gani. Mmoja ananyamaza kwa heshima, mwingine kwa hofu, mwingine kwa kuwa kunyamaza kunamfaa. Kimya chao kinafanana kwa nje. Kazi yako ni kuwatofautisha.

Nilipomweleza Shomari baadaye, nikiwa nimekwenda kumwomba radhi, alicheka mpaka akakaa. "Wewe Mhehe, mimi wa pwani," akasema. "Wenyeji walikupa kazi ya kunishuku mimi, ili wao wapumzike." Sijapata kusoma popote maelezo bora zaidi ya jinsi hadithi mbovu ya upelelezi inavyotungwa.

Nikaenda kwa babu yako mzaa mama. Mama yako alikuwa uani akimenya ndizi. Nilijitambulisha, ingawa alinijua vizuri: mimi ndiye niliyekuwa na kalamu. Nikamwambia nimefahamu. Nikamweleza habari ya njia, ya mtungi, ya ukuta. Nikamtaja yule baba mkwe kwa jina lake. Mama yako akafunika kichwa papo hapo, kana kwamba mzee mwenyewe ameingia mlangoni.

Nikamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

"Wewe umesema," akanijibu. "Mimi sijasema."

Nikamwambia ndoa imeshavunjwa, yule si mkwe wake tena, mwiko umekwisha.

"Ndoa waliivunja wao. Heshima yangu hawakuniuliza."

Akaendelea kumenya ndizi. Ninakiri sikuelewa kitu siku ile isipokuwa kwamba nilitaka kurudi.

Nikaandika kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyesimamia mabaraza, kuomba kesi isikilizwe upya. Hapa ndipo penye kosa ambalo nimelibeba, na ndilo ninalotaka ulichukue kama akiba. Wazee walimjibu kwa kicheko: shahidi wa karani ni mtungi uliovunjika. Tena wakaongeza kwamba karani anamtupia macho mwanamke yule, anaonekana kwa baba yake. Ulikuwa uwongo walipoanza kuusema. Ulipofika kwa Bwana Shauri ulikuwa umeshakuwa kweli. Ningeweza kungoja. Ningeweza kukaa mbali na ua ule mpaka jina lake lisafishwe, hata kama ingekuwa miaka, na kila nilichosema kingekuwa na uzito wa mtu asiye na faida. Badala yake nilimwoa. Nilidhani ninawatukana wote kwa mkupuo mmoja: mnamwita mwizi, mimi namwita mke wangu. Lakini siku ile niliifunga kesi yake kwa mkono wangu. Nani angemsikiliza tena shahidi aliyelala nyumba moja na mshtakiwa? Kazi nikafukuzwa, lakini hilo si kitu. Yeye ndiye aliyelipa.

Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya Kilolo. Ndugu zangu walikataa kuja harusini. Shangazi yako anaamini, na sidhani kama anadanganya kwa makusudi, kwamba mimi na mama yako tulijuana tangu mumewe akiwa Chunya, kwamba alikimbilia migombani kukutana na mimi, na kwamba ng'ombe tulimpeleka Madibira kwa Wasangu akaishia huko. Usicheke. Ni hadithi iliyotungwa vizuri kuliko yako. Kila kitu kinaingia mahali pake: mtungi, kimya, ndoa. Ukiisikiliza utaona hata mimi ninafaa kuwa mwizi, kwa kuwa katika watu wote wa kesi ile mimi peke yangu niliondoka na kitu. Kwa hiyo nishuku. Nakutaka unishuku. Sijakulea usome vitabu ili umwamini mtu kwa sababu ni baba yako.

Na mizani iwe sawa: yule ng'ombe mimi sikumwona tena. Sikumkuta kwa yule baba mkwe, wala kwa wazazi wa mke wake mdogo, wala kokote. Mama yako hajanithibitishia hata neno moja tangu siku ile ya ndizi. Nilicho nacho ni wake wawili wa ndugu wawili, mchana mweupe, mmoja ametupa mtungi na mwingine amegeukia ukuta. Shangazi yako akimaliza, usibishane naye. Utakuwa unakula chakula chake. Mwulize tu kwa adabu yule wa pili aligeukia ukuta kwa ajili ya nani. Kama ana jibu lililo bora kuliko langu, niandikie, nitalipokea. Nimeshindwa katika mabishano mara chache, lakini nimeshindwa.

Yule baba mkwe alikufa mwaka jana. Habari ilitufikia Mwanjelwa siku ya soko, mama yako akipanga viazi vyake. Nilifunga kazi nikamfuata palepale. Nikamwambia sasa nitaandika gazetini, nitaweka jina, nitaweka na majina ya wazee wa baraza, watoto wetu wasome. Alimaliza kwanza fungu alilokuwa akilipanga.

"Mimi nilisimama barazani siwezi kujibu," akasema. "Unataka na yeye nimsimamishe vilevile?"

Nimebishana na wachungaji, machifu na wahariri, Tusekile. Pale nilikaa chini nikamsaidia kuuza viazi.

Ndiyo sababu hakuna gazeti lililopata habari hii, na hakuna litakaloipata. Umepata wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayekwenda kukaa kwenye jiko ambamo mama yako anaitwa mwizi, na hawezi kuja kujisemea. Anajua ninachoandika. Alinitazama tangu mlangoni, akauliza kama nimekuandikia na yale nisiyoyajua. Nikasema nimeyaandika. Akarudi kwenye sanduku lako.

Sikiliza pande zote, kisha uamue. Jibu lako usinipe mimi. Mwandikie yeye, herufi kubwa, maana kusoma alijifunza ukubwani na hapendi kusomewa. Hatakuuliza kamwe unaamini lipi. Hajapata kumwuliza mtu swali hilo, hata mimi hakuniuliza. Lakini ninamjua. Kila basi la Iringa litakapoingia atakuwa na safari ya kupita kituoni, na akirudi atasema alikwenda kutafuta chumvi.

Mimi baba yako, Mbeya.